Maji Ukiyavulia Nguo: Habari za Garsen na Mto Tana

Msafiri atokaye Malindi kwenda kaskazini hupita katika nchi kavu ya vichaka na miiba kwa zaidi ya kilomita 100, kisha kwa ghafula huona ukanda wa miti mibichi mbele yake. Hapo ndipo Garsen, na ukanda ule ni mto Tana. Mto huu, ambao ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya, hutoka katika milima ya Aberdare na mlima Kenya, ukateremka mwendo wa kilomita 1,000 hivi, ukaingia bahari ya Hindi karibu na Kipini. Zamani magari yalivushwa hapo Garsen kwa kivuko. Siku hizi liko daraja. Upande wa chini, mto hutawanyika katika mabonde na vinamasi, na huko viko vijiji vya Wapokomo kama Ngao, Golbanti, Wema na Hewani, ambavyo watu wake hulima mpunga, mahindi na ndizi chini ya kivuli cha miembe. Wakati wa kiangazi Waorma nao huleta ng'ombe wao kutafuta maji na malisho.

Kwa watu wote hawa mto ni kisima, ni njia, ni shamba, tena ni bafu. Joto la nchi hii ni kali, na mtu aliyeshinda akipalilia au akichunga hawezi kulala vema kabla ya kuoga. Ukingo hauna ukuta wala mlango, walakini una sheria zake. Wanaume wana mahali pao na wanawake pao. Anayeteremka mtoni hukohoa au hupiga odi kabla ya kufika ukingoni, na akisikia jibu husimama. Zaidi ya hayo, wengi hupenda kuoga alfajiri au magharibi, wakati macho ya watu hayaoni mbali.

Saa hizo zinafaa kwa heshima, lakini hazifai kwa usalama. Kiboko hutoka majini jioni kwenda malishoni na hurudi karibu na mapambazuko, na hana huruma kwa mtu amkutaye kati yake na maji. Mamba naye huwinda zaidi giza linapoingia, akivizia pale pale penye maji machache ambapo watu huchota na kuoga. Kwa hiyo mtu anayekimbia macho ya watu huenda akaingia katika macho ya mnyama.

Tena kuna jambo jingine ambalo wageni hawalifikirii. Mtu yumo majini, nguo zake ziko juu ya ukingo, mara hutokea kundi la wasafiri, wakaketi karibu na nguo zile kupumzika na kuzungumza. Mwogaji hawezi kutoka. Hukaa ndani ya maji mpaka shingoni, akijifanya bado ana haja ya kuoga, na kila dakika ipitayo humwongezea hatari. Mamba hajamshika, lakini aibu imekwisha kumshika. Wahenga walisema kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Lakini hawakusema kwamba lazima uyaoge mpaka wageni waondoke.

Katika mji wenyewe wa Garsen aibu hii ina sura nyingine. Nyumba za zamani zilifungwa kwa komeo kutoka ndani au kwa kufuli kutoka nje, na vyote viwili vyataka mkono wa mtu. Kwa nyumba ya namna hiyo si rahisi mtu kujifungia nje. Sasa kuna vitasa vinavyojifunga vyenyewe mlango ukisukumwa, na bafu za nyumba nyingi za kupanga bado ziko uani. Mfano wake ni karani aliyehamishiwa Garsen kutoka bara. Jioni huvua nguo zake chumbani, huchukua ndoo na sabuni, na huenda bafuni amejifunga taulo fupi. Upepo huja, mlango hupiga kishindo, na ufunguo umo mfukoni mwa suruali iliyotundikwa ndani. Arudipo na kushika mlango, taulo nalo hunasa msumarini na kupasuka. Mtu huyu ambaye asubuhi alikuwa akiwaamuru watu wapange mstari, sasa amechutama nyuma ya pipa la maji, wala hajui amwite nani.

Hapo ndipo tabia ya majirani hujulikana. Jirani mbaya huita wenziwe waje kutazama. Jirani mwema hufanya kama wafanyavyo wazee wa pale: husimama mbali, hugeuza uso, kisha hukohoa.

“Odi! Nani huko?”

“Ni mimi, mzee. Tafadhali usije.”

“Siji, mwanangu. Nakutupia shuka hii juu ya ua. Ukiwa tayari, sema.”

Haulizi imekuwaje mpaka mwenzake amekwisha kujisitiri. Nguo kwanza, maswali baadaye. Wala kesho yake hasimulii habari hiyo dukani. Watu husema kwamba mwendawazimu akichukua nguo zako ukiwa unaoga, usimfukuze, kwa maana watakaokuona watadhani mwendawazimu ni wewe. Maneno haya ni ya kweli, lakini yanamhitaji mtu wa tatu: yule ambaye humfuata mwendawazimu na kuzirudisha nguo, ili mwenyewe akae salama alipojificha.

Mambo haya yangeweza kuwa ya kuchekesha tu, kama mto Tana ungekaa mahali pake siku zote. Lakini haukai. Mwaka 1961 uliifunika nchi ya chini. Ukafurika tena mwaka 1997 na 1998 wakati wa mvua za El Niño, na katika miaka ya karibu, 2018, 2023 na 2024, maelfu ya watu waliyahama makao yao. Mafuriko ya Tana yana hila, kwa kuwa mvua hunyesha huko milimani, na maji hufika chini hali mbingu ni nyeupe. Mabwawa ya umeme yaliyojengwa juu, kama Masinga lililokamilika mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, hupunguza nguvu ya maji. Lakini yakijaa na kumwagika, watu wa chini hupewa habari wahame.

Maji yakiingia usiku, mtu huamka miguu yake imelowa. Hakuna taa, sanduku linaelea, na huenda amelala na kipande cha kanga tu kwa ajili ya joto. Baba mwenye wakwe kijijini, au mama mwenye watoto wakubwa, hurudi ndani kutafuta nguo ya heshima. Dakika hizo za kutafuta ndizo zinazoweza kumpoteza, naye si mpumbavu. Anaogopa tu kutokea mbele ya watu vile alivyo.

Kwa sababu hii, watu wakaao kando ya mto yafaa watundike shuka au kanga moja karibu na mlango, mahali ambapo mkono utaifikia gizani, nao wapangao mjini wamwachie jirani mwaminifu ufunguo wa pili. Na wale waliokwisha kufika mahali pa juu wawe tayari na nguo za kuwapokelea wenzao, wala wasiinue taa kuwatazama usoni. Ni kweli kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Methali hiyo humwonya ajivuniaye cha mwenziwe. Lakini nguo anayotupiwa mtu kabla hajaiomba si ya kuazima. Akijua kwamba huko nje iko nguo inayomngoja, hatarudi ndani. Atatoka upesi, naye atapona.