Diploma ya Mwalimu: Ya Maisha au ya Miaka Mitano?



Sisi wa tawi la ualimu tumekaribia Mtihani wa Serikali, na neno lililo midomoni mwetu kila siku ni diploma. Kila mmoja aitaka. Lakini kuna swali ambalo yafaa tulifikirie kabla hatujaipata: ikisha kutolewa, je, diploma hiyo iwe ya maisha, au ifike siku imalizike, na mwenyewe atakiwe kupata nyingine? Tulijadiliana jambo hili darasani kwetu hapa Gitega, na wenzangu wameniomba niandike. Nami naongeza niliyoyaona nyumbani kwetu Muyinga.

Hapa Burundi desturi ni hii. Atakaye kufundisha shule ya msingi husoma ualimu katika sekondari, hufanya masomo ya majaribio mbele ya watoto na mwalimu wake akiwa nyuma ya darasa na daftari mkononi, kisha huingia katika mtihani. Akifaulu hupewa diploma, na baada ya hapo hutafuta kazi ya Serikali, nayo huenda ikachelewa. Atakaye kufundisha sekondari huendelea na masomo ya juu, kama katika École Normale Supérieure ya Bujumbura, iliyoanzishwa mwaka 1965. Lakini diploma yenyewe haina tarehe ya mwisho. Aliyeipata akiwa kijana anayo mpaka uzee wake.

Jirani zetu wameanza kufikiri vingine. Kenya ilitunga sheria mwaka 2012 kuhusu Tume ya Kuajiri Walimu, na kwa sheria hiyo haitoshi mwalimu kuandikishwa mara moja tu. Yampasa kuendelea kujifunza ili cheti chake cha kufundishia kiendelee kuwa halali, na muda uliowekwa ni miaka 5. Mafunzo yenyewe yalizinduliwa mwaka 2021. Mwalimu alitakiwa kulipa shilingi 6,000 za Kenya kwa mwaka kutoka mfukoni mwake, na vyama vya walimu vikalalamika sana. Nako Tanzania Bara, mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda bodi ya kitaalamu ya walimu, iliyopewa kazi ya kuwaandikisha na kuwapa leseni.

Tulipoyasoma hayo, darasa liligawanyika mara moja. Mmoja wetu akasema, "Dereva wa lori hutakiwa leseni isiyopitwa na wakati, naye huchukua mihogo tu. Sembuse mwalimu achukuaye watoto wa watu!" Wengi wakampigia makofi. Ndipo mwingine, ambaye baba yake ni mwalimu, akasimama akasema, "Mihogo haiongezeki njiani. Baba alipoanza kazi alikuwa na watoto wachache darasani. Karo ya shule ya msingi ilipofutwa mwaka 2005 walifurika hata wakakosa pa kukaa. Hakuna aliyemwongezea darasa wala vitabu. Leo mkimwambia alipie leseni mpya, mtakuwa mmemwadhibu kwa kosa lisilo lake." Hapo makofi yalikuwa machache, lakini wengi walinyamaza wakifikiri.

Mimi namfikiria mama yangu. Alipata diploma yake mwaka 1998, ile ambayo watu huiita D7, na tangu hapo anafundisha shule ya msingi huko Muyinga. Ameihifadhi ndani ya bahasha ya nailoni, pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo, na mhuri wake bado waonekana vizuri. Lakini kazi aliyoisomea si ile aifanyayo leo. Katika miaka ya 2000 Kiingereza na Kiswahili viliingizwa katika shule za msingi. Yeye hakufundishwa kuvifundisha. Kiswahili alikijua cha sokoni, maana Muyinga ni mji wa biashara na mpaka wa Tanzania hauko mbali, lakini kununua samaki kwa lugha si sawa na kuifundisha. Tena mwaka 2013 yakaja mageuzi ya shule ya msingi ya miaka 9, na vitabu vikabadilika.

Je, alifanyaje? Aliitwa kwenye mafunzo ya siku chache, akarudi na karatasi. Yaliyobaki aliyatafuta mwenyewe. Yeye na walimu wenzake watatu walikuwa wakikutana kwetu Jumamosi baada ya kufua, kila mtu na kitabu chake, wakisomeana somo la wiki ijayo. Aliyejua Kiswahili vizuri aliwasahihisha wengine, na aliyejua hesabu aliwaeleza hesabu. Nilimwuliza siku moja, "Mama, ungeambiwa diploma yako imekwisha muda, ungesema nini?" Akanijibu, "Mwanangu, ningefurahi kama mtu angekuja kukaa darasani mwangu siku nzima, aone nifanyavyo, anionyeshe nilipokosea. Lakini akija kutaka faranga tu na kunipa karatasi, basi karatasi ninayo."

Yuko pia binamu yangu. Yeye ana diploma safi, mpya, na kazi hajapata. Mwaka jana alivuka mpaka pale Kobero, akaomba kazi katika shule moja ya watu binafsi. Wakamwambia vyeti vyake vyote viko kwa Kifaransa. Avitafsirishe kwanza, kisha vilinganishwe na vya kwao. Alihesabu nauli na gharama, akarudi kulima. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mapatano ya soko la pamoja, yaliyoanza kutumika mwaka 2010, yasema nchi wanachama zitambuliane vyeti vya elimu na vya kazi. Wahasibu, wasanifu wa majengo na wahandisi walikuwa wa kwanza kufanyiwa mapatano yao. Walimu hawakuwamo katika safu hiyo ya kwanza. Leseni ambayo ingetambuliwa Muyinga na ng'ambo ya mpaka pia, huyo binamu yangu angeilipia kwa moyo mmoja.

Basi, maoni yangu ni haya. Si vibaya diploma iwe na muda, maana vitabu hubadilika, na mtoto wa leo hana kosa kama mwalimu wake alisoma zamani. Lakini kwanza, atakayempima mwalimu ampime darasani, mbele ya watoto wake wote, wala si kwa karatasi peke yake. Pili, mafunzo yawe karibu na shule, wakati wa likizo, na gharama yake isitoke katika mshahara wa mwalimu. Tatu, cheti kipya kimpe haki mpya, kama vile kupanda daraja au kutambuliwa katika nchi jirani. Pasipo hayo matatu, kitakuwa kodi nyingine tu.

Na sheria ya namna hiyo isipokuja, sisi tutakaopata diploma tusikae nayo kama urithi. Mama na wenzake hawakungoja sheria kukutana Jumamosi.

Ninyi wakubwa wetu mnaofundisha, kuanzia hapa Gitega, njia ya Karuzi, hata Muyinga na kwingineko, twawaomba jambo moja. Tuandikieni katika gazeti hili: ni somo gani mnalofundisha leo ambalo hamkulisoma hapa, nanyi mlijifunzaje? Wenzangu na mimi tungependa kuyasoma majibu yenu kabla hatujasimama mbele ya darasa la kwanza letu wenyewe.