Gari Likila Ugali

Leo naomba tuweke riwaya kando kidogo, tuongee mafuta ya gari. Ethanoli inasifiwa sana siku hizi, na mimi nimelelewa kwenye nchi ya miwa, magharibi mwa Kenya. Siwezi kuipita kimya.

Ethanoli ni kileo kilekile kilichomo kwenye chang'aa, ila kimetolewa maji mpaka injini ikakubali kukinywa. Marehemu mjomba wangu, mkulima wa miwa, alikuwa akisema ati shamba lake linaweza kuendesha basi mpaka Nairobi. Tulimcheka, lakini mzee alikuwa na hoja. Miaka ya 1980, kule Muhoroni, ilitengenezwa ethanoli kutokana na molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa. Ikachanganywa na petroli, kama sehemu moja kwa tisa. Miaka ya 1990 mpango ukafa. Bei haikuwalipa watengenezaji.

Brazili hawakuishia njiani. Walianza mwaka 1975, baada ya mafuta ya nje kuwapandia bei, na tangu 2003 wanauza magari yanayokubali petroli, ethanoli au mchanganyiko wowote. Makapi ya miwa huchomwa kuendesha kiwanda chenyewe. Pesa ambayo ingekwenda ng'ambo inabaki nyumbani. Hata hewa ya ukaa inayotoka kwenye ethanoli ikiungua ni ileile muwa uliyoivuta ulipokuwa ukikua, ingawa mbolea na misitu iliyofyekwa hupunguza sifa hiyo.

Kasoro zipo. Lita ya ethanoli ina nguvu kama theluthi mbili tu ya lita ya petroli. Ndiyo maana dereva wa Brazili hupiga hesabu kituoni: bei yake ikizidi asilimia 70 ya bei ya petroli, haimfai. Tena huvuta maji, na kwenye magari ya zamani hula mipira.

Hayo fundi atayamaliza. Linaloninyima usingizi ni chakula. Marekani hutengeneza karibu ethanoli yake yote kwa mahindi, zaidi ya theluthi ya mavuno ya nchi. Januari 2007 watu wa Meksiko waliandamana kwa sababu ya bei ya tortila, ugali wao wa kila siku, na wengi wakainyooshea ethanoli kidole.

Na kwetu je? Mjomba alipanda miwa mpaka karibu na mlango wa jikoni. Akawa ananunua unga dukani huku akisubiri miezi 18 na zaidi muwa ukomae. Mwezi wa sita shangazi alipima unga kwa kikombe, watoto wakimtazama mkono.

Kwa hiyo, ukiniambia ethanoli ni nzuri, nitakuuliza imetoka kwenye nini. Ya molasi, naam, nijazie tangi hata leo. Iliyochukua shamba la mahindi, jamani, hiyo mwenye gari na aende kwanza akamweleze aliyeshika kikombe.