Muhokya na Maji ya Mgodi

Msafiri atokaye Kasese kwenda Mbarara hupita Muhokya kabla ya kuuvuka mstari wa Ikweta. Kulia kwake husimama milima ya Ruwenzori. Kushoto nchi yateremka hadi Ziwa George. Tangu zamani Muhokya yajulikana kwa chokaa. Mawe huchimbwa, hupangwa katika tanuri, kisha huchomwa kwa kuni hadi yakawa meupe. Ni kazi ya moto na vumbi, ingawa mama apakaye ukuta wa nyumba yake haioni.

Mwezi wa Mei 2020 Muhokya ilipata wakazi wa namna nyingine. Mto Nyamwamba ulifurika, ukabomoa nyumba katika bonde la Kilembe na kuiharibu hospitali ya huko, kama ulivyokwisha kufanya mwaka 2013. Baadhi ya familia zilizopoteza makao zililetwa Muhokya kukaa kambini.

Kwa nini watu wengi hivyo walikaa ukingoni mwa mto mkali? Jibu ni shaba. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya mgodi wa Kilembe, ili shaba ikayeyushwe Jinja. Bonde ni jembamba, na mgodi ulitaka watu wake karibu. Basi kota za wafanyakazi zikajengwa kando ya maji. Kasese ikawa mji, na mwaka 1974 eneo hili likatengwa na Toro kuwa wilaya. Mapema katika miaka ya 1980 uchimbaji ulikoma. Mgodi ulinyamaza, lakini watu walibaki, na malundo ya mchanga wa mawe yaliyosagwa yakabaki kando ya mto, yakimegwa kila mafuriko.

Miji mingi ya Ujerumani ilizaliwa vivyo hivyo. Katernberg, ambayo leo ni mtaa wa mji wa Essen, ilikuwa nchi ya wakulima mpaka mgodi wa makaa wa Zollverein ulipoanzishwa mwaka 1847. Kota zikajengwa, na mwaka 1929 Katernberg ikaunganishwa na Essen. Mgodi ulifungwa mwaka 1986. Tangu 2001 majengo yake yamo katika orodha ya urithi wa dunia, na wageni huja kuyatazama.

Lakini la kutazamwa zaidi ni maji. Huko ardhi ilididimia kwa kuchimbwa, mabomba ya chini yasingedumu, na mto Emscher ukageuzwa mfereji wa maji machafu ulio wazi kwa zaidi ya miaka mia moja. Kuusafisha kulichukua miongo mitatu. Pampu za migodini hazina budi kufanya kazi daima, na mwaka 2007 uliundwa mfuko maalumu wa kulipia kazi hiyo. Wajerumani walikubali kwamba mgodi uliofungwa bado una deni.

Deni la Nyamwamba limewaangukia wenye nyumba. Wakulima waliozoea miteremko yenye ubaridi na mvua wamejikuta Muhokya, penye joto na ukame, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, ambako tembo hawaulizi shamba ni la nani.