Utani Una Mizani

Mtu hachagui kabila atakalozaliwa, na wengi wetu hatukuchagua hata timu zetu za kandanda. Tulizikuta nyumbani kama tulivyokuta kinu na mtungi. Katika nyumba yetu mambo yalikuwa ya namna yake. Baba alikuwa mpenzi wa Yanga. Mjomba, aliyemlea kaka yetu mkubwa katika miaka yake ya shule, alikuwa mpenzi wa Simba. Basi watoto wa tumbo moja tukakua chini ya rangi mbili: sisi tukashika kijani na njano, kaka akashika nyekundu na nyeupe. Mama hakuwa na upande. Yeye alisema kwamba amezizaa timu zote mbili, na atakayeshindwa ndiye atakayechota maji.

Yafaa kwanza tuwakumbushe vijana asili ya mambo haya. Klabu ya Yanga iliundwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata, 1936, ikazaliwa ile ambayo leo ni Simba, nayo ilijulikana kwa jina la Sunderland mpaka mwaka 1971. Zote mbili ni wazaliwa wa Kariakoo, Dar es Salaam. Moja ina makao yake Jangwani, nyingine Msimbazi, na mtu aweza kutoka kwa hawa akafika kwa wale kabla chai yake haijapoa. Tangu hapo wamekuwa wakitunza hesabu ya mabao kama koo zinavyotunza majina ya mababu. Mpenzi wa Yanga atakutajia mabao 5 kwa bila ya mwaka 1968. Mpenzi wa Simba atamjibu kwa mabao 6 kwa bila ya mwaka 1977. Na tangu Novemba 2023 sisi wa Yanga tunayo 5 kwa 1 ya kuongezea. Tumeona watoto wasiojua jedwali la saba ambao hawakosei hata tarakimu moja katika hesabu hii.

Mambo haya huitwa utani wa jadi, na jina hilo halikuokotwa njiani. Wazee wetu walikuwa na utani wa makabila. Wanyamwezi na Wazaramo, kwa mfano, walijenga utani wao katika nyakati za misafara, wenyeji wa bara walipokuwa wakishuka pwani na kuwakuta wenyeji wa huko. Mtani aliweza kukunyang'anya kuku wako mchana kweupe, akakuita majina ambayo mwingine angeyatamka ungempeleka barazani. Lakini mtani huyo huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika msibani kwako, akashika jembe la kaburi, na akawafanya wafiwa wacheke kidogo katikati ya machozi. Utani, kwa hiyo, si ruhusa ya kuumiza. Ni mkataba, na kila mkataba una mipaka yake.

Sisi tulivuka mipaka hiyo mwaka 1993, na hapana budi tueleze jinsi tulivyoivuka.

Mwaka huo Simba walifika fainali ya Kombe la CAF. Hakuna timu ya Tanzania iliyokuwa imefika fainali ya Afrika kabla yao. Huko Abidjan walitoka sare ya bila kwa bila na Stella. Nchi nzima ikaamini kwamba kombe limekwisha kuja. Katika mchezo wa marudiano, hapa Dar es Salaam, Stella wakashinda 2 kwa bila na kuondoka nalo. Sisi wakati huo tulikuwa karani kijana, tumeanza kazi ya serikali juzi tu, na tumeanza pia kutoa mashairi yetu magazetini. Usiku ule hatukulala. Tulikaa na taa ya chemli tukatunga shairi la beti saba la kumcheka kaka na timu yake.

Lau tungemsomea kaka peke yake, lingekuwa utani. Lakini sisi tulikwenda nalo nyumbani kwake siku ya pili, tukawakuta wakwe zake wamekuja kumtembelea. Mtu mwenye adabu angelikunja shairi lake akalitia mfukoni. Sisi tulilisoma lote, kwa sauti, mbele ya baba mkwe wake na mbele ya mwanawe mdogo. Wakwe hawakucheka. Mkwe si mtani. Kaka alisikiliza mpaka beti la mwisho, akainuka, akachukua kofia yake, akatoka nje ya nyumba yake mwenyewe. Tangu siku hiyo tukawa ndugu wa harusi na matanga. "Shikamoo, kaka." "Marahaba." Yakaishia hapo kwa miaka karibu 30.

Miaka ikapita hivyo. Kazi ikatuhamishia Dodoma, kaka akabaki Temeke, ukaja msimu wa 2022/23.

Ndugu msomaji, hatutarajii kuuona tena msimu wa namna ile. Ulianza kwa uchungu. Yanga walitolewa na Al Hilal ya Sudan katika Ligi ya Mabingwa, wakateremshwa katika Kombe la Shirikisho. Huko wakapangiwa Club Africain. Walipotoka sare ya bila kwa bila hapa nyumbani, wengi tulikwisha kuanika vitambaa vyetu. Wakaenda Tunis wakashinda 1 kwa bila. Mwezi huo huo wa Novemba, mlolongo wa michezo 49 ya ligi bila kufungwa ukakatwa na Ihefu kule Mbarali, timu ambayo hakuna aliyekuwa akiihofia. Hapo tukajifunza kwamba sifa haimzuii mtu kujikwaa.

Katika makundi Yanga walianza kwa kufungwa 2 kwa bila na Monastir. Kisha wakaamka. Waliwafunga TP Mazembe hapa, wakawafunga tena kwao Lubumbashi, na wakamaliza wakiongoza kundi kwa pointi 13. Rivers United ya Nigeria wakatolewa. Marumo Gallants ya Afrika Kusini wakatolewa nyumbani na ugenini. Fiston Mayele kutoka Kongo alikuwa akifunga, na kila alipofunga alitetema, na mitaani watoto wakatetema, na tuliwaona hata watu wazima wenye vyeo vyao wakitetema wakidhani hakuna awaonaye.

Wako waliouliza: je, timu yenye mwalimu Mtunisia, mfungaji Mkongo, mlinda mlango wa Mali na kiungo wa Burkina Faso ni timu yetu kweli? Swali hilo ni halali. Jibu letu ni kwamba lugha yetu ina maneno kutoka Arabuni, Uhindini, Ureno na Uingereza, na hakuna anayesema kwamba si yetu. Kitu huwa chetu kwa jinsi tunavyokitumia na kukitunza. Serikali nayo haikuchagua rangi. Mwezi Februari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alipoahidi shilingi milioni 5 kwa kila bao katika michezo ya Afrika, ahadi hiyo ilikuwa ya Simba na Yanga sawasawa.

Fainali ya kwanza ilikuwa Dar es Salaam, tarehe 28 Mei 2023, dhidi ya USM Alger ya Algeria. Mwanetu wa kiume, mwanafunzi wakati huo, aliomba nauli akaenda. Sisi tuliangalia kwenye kibanda cha jirani hapa Dodoma. Waalgeria wakafunga kwanza. Dakika ya 82 Mayele akasawazisha, tukakumbatiana na watu tusiowajua. Dakika mbili baadaye wakafunga tena. Ndipo upande wa pili wa kibanda wakainuka vijana wa Simba wakishangilia, na mmoja wao akaanza kuimba wimbo alioutunga palepale. Tulimtazama kijana yule. Umri wake, furaha yake, hata ule mkono wake uliokuwa ukipiga mapigo hewani, vyote tulivitambua. Alikuwa sisi wa mwaka 1993. Hatukuwa na haki ya kumkasirikia.

Kabla hatujafika nyumbani, habari zikaanza kuenea kwamba palikuwa na msongamano uwanjani, watu wamejeruhiwa na mtu amefariki. Tukapiga simu ya mwanetu. Haikuita. Tukapiga tena. Mama watoto alikaa mkekani, shanga za tasbihi mkononi, asiseme neno. Ilikuwa saa tatu, kisha saa nne. Kandanda, ambayo asubuhi ilikuwa kitu kikubwa kuliko vyote, sasa ilikuwa ndogo kama mbegu ya mchicha.

Saa tano na ushei simu ikalia. Alikuwa kaka.

"Mwanao yuko kwangu," alisema kabla hatujamwamkia. "Simu yake iliishiwa na moto tu. Nilijua atakuwa amekwenda. Nilimtafuta tangu magharibi, nikampata kituo cha basi, amekaa na fulana yake ya kijani kama mfiwa. Anakula wali sasa hivi, katika sahani nyekundu."

Tulitaka kushukuru, sauti ikatukwama. Kaka alikuwa amezunguka usiku, katikati ya umati wenye huzuni na hasira, kumtafuta mtoto mwenye sare ya watani wake. Mtu mmoja siku ile hakurudi kwao, na nyumba yake ililia kilio ambacho sisi tuliponea chupuchupu. Ndipo neno lililokaa kifuani miaka 30 likatoka lenyewe. Tulisema, "Kaka, lile shairi. Mbele ya wakwe zako. Tunakuomba radhi."

Akanyamaza muda mrefu. Tukadhani simu imekatika.

"Lile shairi," akasema, "mshororo wa pili wa beti la nne ulikuwa na mizani 15."

"Kaka?"

"Kumi na tano. Nilihesabu siku ile ile, njiani. Nimehesabu tena mara nyingi. Mshororo wa shairi mizani 16, nane na nane. Unanivunjia heshima mbele ya wakwe zangu, na mizani hukutimiza. Una deni langu la mizani moja, mdogo wangu."

Tukacheka mpaka tukalia, na mama watoto akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Kaka hakusema kwamba ametusamehe. Alirudisha utani mahali pake, na hilo lilikuwa kubwa kuliko msamaha.

Tarehe 3 Juni Yanga walicheza marudiano mjini Algiers. Djuma Shabani alifunga kwa mkwaju wa penalti mapema kabisa. Baadaye Djigui Diarra akaokoa penalti ya wapinzani. Mchezo ukaisha kwa ushindi wa 1 kwa bila, na jumla ikawa 2 kwa 2. Lakini mabao ya ugenini yana uzito zaidi katika kanuni ya mashindano yale: wao walifunga mawili kwetu, sisi tulifunga moja kwao. Tukashinda mchezo, tukakosa kombe. Katika ligi tulikuwa mabingwa, tukatwaa na Kombe la Shirikisho la nyumbani kule Tanga. Hata ufungaji bora wa ligi uligawanywa: Mayele wetu mabao 17, na Saido Ntibazonkiza wa Simba mabao 17. Kaka alipiga simu usiku ule wa Algiers akasema maneno matatu tu: "Mmepungukiwa mizani moja."

Mwezi Mei 2025 zamu ikawa yao. Simba walifika fainali ya Kombe hilo hilo la Shirikisho. RS Berkane ya Morocco wakawafunga 2 kwa bila kwao, na katika marudiano huko Zanzibar wakatoka sare ya 1 kwa 1. Kombe likaenda zake. Tulimpigia kaka tukamwambia, "Pole, kaka." Akajibu kwa ukali, "Pole ya nini? Nani amefiwa? Liko wapi shairi?"

Tulikuwa nalo. Tulikuwa tumelitunga usiku ule, beti saba kama lile la kwanza, na tulikuwa tumehesabu kila mshororo kwa vidole mara mbili. Tulimsomea kwenye simu, yeye peke yake. Tulimcheka yeye, tukamcheka mnyama wake, hatukuacha kitu. Alisikiliza bila kukatiza, na kwa mbali tulisikia kidole chake kikigonga meza: nane, na nane.

Walimu na wanafunzi mtakaosoma maneno haya, msiogope kutaniana. Nchi yetu ina makabila zaidi ya 120, na utani ni mmoja wa misumari iliyozishikanisha mbao zake. Mcheke mwenzako anapofungwa, naye akucheke zamu yako itakapofika. Lakini kabla hujafungua kinywa, tazama ni nani walioketi barazani kwake, na ujiulize kama usiku ungeingia na mwanawe hajarudi, wewe ungetoka kumtafuta. Kama jibu ni ndiyo, taniana naye utakavyo.

Kaka alipomaliza kugonga meza alisema, "Beti la tano vina vimelegea kidogo." Kisha akaongeza, "Lakini mizani imetimia."