Kura ya Shangazi, Kalamu Mkononi Mwangu

Msomaji mpenzi, kama nyumbani kwako kuna mtu asiyeona, au mzee ambaye hakubahatika kusoma, huenda siku moja ukaombwa kazi ambayo si nzito hata chembe, lakini ina mtego wake. Utaombwa uandamane naye hadi kituoni ukamwekee alama kwenye karatasi za kura.

Mimi niliombwa mwaka 2017. Aliyeniomba ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, anayeishi Karagita, kando ya ile barabara ya South Lake pale Naivasha. Kwa miaka mingi Shangazi alifanya kazi ya kufunga maua, hadi presha ya macho ilipomnyang'anya nuru, jicho moja kwanza, kisha la pili. Chai anapika mwenyewe. Noti anazitenganisha kwa namna anavyozikunja, na ole wako ujaribu kumpunja chenji. Redio yake haizimwi, na mambo ya siasa anayafuata kuliko mimi ninayelipwa kuandika gazetini.

Kura kwake si mchezo. Mwaka 1988, wakati wa uteuzi wa KANU kwa mlolongo, alipanga foleni nyuma ya picha ya mgombeaji aliyemtaka, mchana kweupe, chifu akitazama. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 katika foleni zile alihesabiwa kuwa amepita, wala hakungoja kura ya siri. Wakati huo macho ya Shangazi yalikuwa mazima, na aliwaona vizuri wote waliokuwa wakimwangalia. Kwa hivyo uchaguzi wa Desemba 1992 ulipofika, akaingia peke yake mahali pa faragha na karatasi yake, anasema alikaa mle ndani muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa akionja tu utamu wa kutotazamwa.

Sasa fikiria, msomaji, mtu wa aina hiyo apofuke.

Machi 2013 alienda kituoni akishikwa mkono na mtoto wa jirani mwenye umri wa miaka 14. Kituo kilikuwa darasa la shule ya msingi. Mtoto akazuiwa, na kwa haki, maana kanuni za uchaguzi za mwaka 2012 zinataka msaidizi awe ametimiza miaka 18. Kanuni hizo hizo zinasema kwamba mpiga kura asiye na msaidizi atasaidiwa na msimamizi wa kituo, mbele ya maajenti wa wagombeaji. Nia yake ni njema: maajenti wawe macho, msimamizi asimgeuzie mtu kura. Lakini ilibidi Shangazi ataje majina sita, kuanzia Rais hadi Mwakilishi wa Wadi, katika chumba kilichojaa watu waliotega masikio. Alinong'ona. Jioni, kwenye kioski cha maji, mama mmoja akamuuliza huku akicheka ni kwa nini amemnyima kura "mtu wetu".

Mahali pengine hilo lingekuwa utani wa kupitisha wakati. Lakini Naivasha, miaka mitano tu baada ya Januari 2008, watu walipouawa na kuchomewa nyumba kwa sababu ya kabila na kura waliyodhaniwa kupiga, na majirani wakalala kituo cha polisi wakingoja mabasi ya kuwahamisha? Shangazi hakucheka. Alifunga mlango mapema siku hiyo.

Ndiyo maana 2017 alinipigia simu Nairobi. "Utakuja," aliniambia. Halikuwa swali.

Kabla ya kuendelea, acha nikueleze sheria inasemaje, maana wengi wetu hufika kituoni bila kujua na kuishia kubishana na karani mlangoni. Katiba ya 2010, Kifungu cha 38, inampa kila raia mtu mzima haki ya kupiga kura ya siri, na Kifungu cha 82 kinataka utaratibu wa upigaji kura uzingatie mahitaji ya watu wenye ulemavu. Kanuni nazo zinamruhusu asiyeweza kupiga kura mwenyewe, iwe ni kwa ulemavu au kwa kutojua kusoma na kuandika, aingie na msaidizi anayemchagua kwa hiari yake. Msaidizi huyo asiwe mgombeaji wala ajenti. Si lazima awe amejiandikisha kupiga kura. Anatakiwa atoe tamko la kutunza siri mbele ya msimamizi wa kituo, na haruhusiwi kumsaidia zaidi ya mtu mmoja. Kipengele hicho cha mwisho nakipenda sana, maana kinamfungia njia yule bwana mkarimu anayejitolea kuwashika mikono vikongwe wa kijiji kizima. Mwishowe, jina la mpiga kura huandikwa kwenye daftari kwamba alisaidiwa, na kwa sababu gani.

Haya. Asubuhi ya Agosti 8, 2017, baridi ya ziwani ikituuma, tulifika kituoni. Walituruhusu tupite mbele ya foleni. Nikatoa tamko, nikatia sahihi, tukapewa karatasi sita. Shangazi alikuwa ameshanitajia majina nyumbani, mara mbili, na kunitaka niyarudie kama mtoto wa shule.

Tano za kwanza hazikuwa na shida. Ya sita ilikuwa ya Mwakilishi wa Wadi. Msomaji, mtu aliyemtaka Shangazi mimi sikuweza kumvumilia hata kwenye picha. Nilizijua ahadi zake na nilijua zilipoishia. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nikamwinamia sikioni, nikamnong'oneza, "Shangazi, kweli huyu?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Weka alama."

Niliweka. Niliiweka pale pale alipotaka, na hilo naweza kuapa popote. Lakini aliponiuliza, "Umeweka?" nami nikajibu, "Nimeweka," niliona kitu ambacho sikukitarajia. Alinyoosha mkono, akapapasa karatasi kwa vidole vyake vile vinavyotambua noti, akitafuta alama. Wino hauna kinundu. Karatasi ilikuwa laini kutoka juu hadi chini.

Njiani aliniuliza tena. Na tena tulipofika kwake. Kila mara nilijibu kwamba nimeweka, na kila mara jibu lilizidi kuwa na sauti ya mwongo.

Agosti 2022 nilifunga safari kutoka Nairobi bila kuitwa, nikiwa na mkate na nusu kilo ya majani chai. Nikamkuta Shangazi langoni, amevaa koti lake zuri, ameshikwa mkono na binti wa jirani, msichana wa miaka 19 anayefanya kazi shamba la maua. Walikuwa wakirudi. Ameshapiga kura.

Nilikasirika, sitaficha. Nilimuuliza kama alidhani nilimwibia kura yake 2017.

"Sikusema uliniibia," akajibu. "Nasema ulinihoji. Huyu msichana hakunihoji."

Baadaye nilisoma habari moja ya Uingereza iliyonifanya nimwelewe zaidi. Huko vituo vilitakiwa kuwa na kiolezo cha plastiki kinachowekwa juu ya karatasi ya kura ili asiyeona apapase na kujua pa kutia alama. Mwanamke mmoja asiyeona akaenda Mahakama Kuu ya London, na mwaka 2019 akashinda kesi: jaji alikubali kwamba kiolezo kile hakitoshi, kwani kinamwonyesha mtu palipo na nafasi bila kumwambia ni ya nani. Hata huko basi mtu hulazimika kuamini sauti ya mwingine.

Kwetu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilitaja wazi haki ya kuchagua msaidizi. Mwaka 2025 ilifuatwa na sheria mpya, iliyotokana na mswada wa Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe ana ulemavu wa macho. Nilimsomea Shangazi habari hiyo kwa simu. Aliuliza swali moja tu: je, nitapewa karatasi ninayoweza kuisoma mwenyewe kwa vidole? Nikamwambia kwamba kwa kuwa hakuwahi kujifunza breli, hata hiyo ingekuwa kazi. Akasema mtu hajachelewa kujifunza, kisha akabadili mazungumzo.

Mwezi uliopita nilimtembelea. Yule binti ameolewa Nyahururu na hatarudi upesi. Tulikunywa chai, nikazunguka mbuyu weee, hatimaye nikauliza ni nani sasa atakayemshika mkono kituoni.

"Bado nafikiri," Shangazi akasema, akinimiminia kikombe cha pili bila kumwaga hata tone. "Wewe kwanza niambie, ukikuta jina usilolipenda utafanya nini?"

Nilimwambia nitaweka alama na kunyamaza.

"Nitakujulisha," akasema.