Vinyago vya Udongo vya Wazee Wetu

Vijana wa Lushoto wakiulizwa habari za vinyago vya udongo, wengi hujibu kwamba vilikuwa miungu ya wazee. Sisi twaona neno hilo si kweli, nasi twawaomba wasomaji walipime kabla hawajawafundisha watoto wao.

Zamani, kwetu Usambara, na vivyo hivyo kwa Wapare, Wazigua na Wanguu, wari walipotiwa jandoni au unyagoni, wakufunzi wao walifinyanga vitu vidogo: mtu, nyoka, ndege, nyumba. Kinyago kilionyeshwa, wimbo ukaimbwa, kisha maana ikafunuliwa: heshima kwa wakwe, hatari ya uzinzi, wajibu wa mume na mke. Kilikuwa kama ubao wetu wa shule. Mafunzo yakiisha, vingi vilivunjwa au kufichwa. Na mungu havunjwi na wamwabuduo.

Umbo lake nalo lilikuwa la namna yake. Mara nyingi mtu hana uso kamili wala vidole, hata mgeni hudhani fundi hakujua kazi. Lakini fundi alifinyanga maana, si sura. Na kinyago kile kile kikiimbiwa wimbo mwingine, hufundisha jambo jingine. Picasso alipotazama vinyago vya Afrika huko Paris mwaka 1907, naye akaanza kuacha sura kamili, Ulaya ilimwita mwerevu. Mafundi wetu hawakuitwa hivyo.

Bwana Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alivikusanya vinyago pamoja na nyimbo zake. Mwaka 1944 aliandika habari za Wanguu, na mwaka 1956 kitabu chake kizima kikatolewa London.

Wamisheni walipokataza unyago, hatusemi walikosa katika yote, maana yalikuwamo maneno yasiyofaa kanisani. Lakini mafundisho ya ndoa nayo yalitupwa pamoja na hayo. Leo nani amwambiaye binti yetu mambo hayo? Mama aona haya, mwalimu aona haya, na mhubiri husema, "Usizini," kisha hunyamaza.

Kinyago kisicho na wimbo wake ni udongo tu. Basi, kama yuko bibi kijijini mwenu akumbukaye hata wimbo mmoja, ketini naye jioni mkiwa na daftari, mwandike maneno yake kwa Kisambaa kama asemavyo, na maana yake chini.