Betri ndogo iliyotunyima hadithi za baba

Kila siku saa moja na nusu jioni, mwanangu wa miaka mitatu hukaa kwenye mkeka mbele ya runinga akimsubiri baba yake. Baba yake yuko Dodoma kikazi, sisi tuko Tabata, Dar es Salaam. Kila usiku anajirekodi kwa simu akisimulia hadithi ya dakika saba au nane. Asubuhi anaiweka kwenye hifadhi yetu ya mtandaoni, na mashine iliyo chini ya meza ya runinga inaivuta yenyewe. Jioni mtoto anamuona baba kwenye skrini kubwa, anamjibu, anacheka, halafu anakwenda kulala.

Mashine hiyo tunaiita seva. Jina lisikutishe. Ni kompyuta ya mezani ya zamani ambayo mume wangu aliiokoa isitupwe, akaitia diski kubwa na programu ya bure ya kupanga video. Humo kuna katuni tulizozichagua wenyewe, video za harusi yetu, nyimbo za mama yangu na hadithi za baba. Runinga inaisoma kupitia Wi-Fi ya nyumbani.

Tuliamua hivyo kwa sababu ya kazi yangu. Mimi ni mwandishi wa habari za afya, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua hapo ni bora zaidi. Simu ukimpa mtoto, saa moja inakuwa tatu bila wewe kujua, maana video moja ikiisha nyingine inaanza yenyewe. Kwenye seva yetu hadithi ikiisha imeisha.

Basi Jumatatu moja umeme ulikatika tangu asubuhi hadi jioni. Uliporudi niliwasha kila kitu kama kawaida. Saa moja na nusu mtoto akakaa mkekani. Nikafungua orodha, hadithi mpya haipo. Juu ya skrini kulikuwa na maandishi kwamba seva imeshindwa kuunganishwa na intaneti.

Nikamwekea hadithi ya wiki iliyopita. Akaitazama kidogo, akanigeukia: "Mama, hii baba alishasema."

Jumanne ikawa hivyo hivyo. Jumatano nikamwonyesha hadithi mpya kwenye simu yangu. Ilipoisha alitaka nyingine, kisha nyingine, na nilipoichukua simu alilia mpaka akalala na machozi. Alhamisi hakukaa mkekani kabisa. Alisimama mlangoni mwa jikoni akaniuliza, "Baba amekasirika?"

Swali hilo liliniuma. Mtoto wa miaka mitatu hajui intaneti ni nini. Anachojua ni kwamba baba alikuwa anakuja kila jioni, na sasa haji.

Nilitibu kabla ya kupima

Hapa nikiri kosa langu la kwanza. Tangu Jumatatu nilikuwa nahangaika na ruta. Niliizima na kuiwasha mara sijui ngapi. Nilibadilisha waya unaotoka kwenye ruta kwenda kwenye seva. Niliwapigia huduma kwa wateja wa kampuni inayotuuzia intaneti, kijana akaniambia kwa upole, "Dada, laini yako huku inaonekana iko sawa." Sikumwamini. Ijumaa mchana nikanunua ruta nyingine kwa Sh85,000. Nikaifunga, maandishi yakabaki yale yale.

Usiku ule nilimpigia mume wangu nikiwa nimechoka na nina hasira. Akanisikiliza, halafu akauliza maswali matatu.

"Simu yako inapata intaneti kwa Wi-Fi ya hapo?"

"Ndiyo."

"Runinga inaonyesha hadithi za zamani zilizo kwenye seva?"

"Ndiyo."

"Sasa mke wangu, ruta ina kosa gani?"

Nikanyamaza. Kama simu inapata intaneti, laini ni nzima na ruta ni nzima. Kama runinga inasoma video za zamani, seva na runinga zinaonana vizuri ndani ya nyumba. Kilichobaki ni seva yenyewe na safari yake ya kutoka nje. Majibu haya nilikuwa nayo tangu Jumatatu, ila sikuwa nimeyapanga.

Nilijisikia aibu, kwa sababu ninaandika jambo hilo hilo kila mara. Zamani mtoto akipata homa tulimpa dawa ya malaria moja kwa moja. Mwaka 2010 WHO ilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, popote kipimo kinapopatikana, ndipo atibiwe. Homa inaweza kuwa malaria, nimonia au maambukizi ya njia ya mkojo, na dawa ya ugonjwa mmoja haiponyi mwingine. "Hakuna intaneti" nayo ni dalili tu, kama homa. Mimi nilikuwa nimeshatoa dawa ya Sh85,000 bila kipimo.

Saa iliyorudi nyuma

Mume wangu aliniambia nichomeke kibodi na kipanya kwenye seva, niiunganishe na runinga, halafu nijaribu kufungua tovuti yoyote humo humo. Nikafanya. Likaja onyo kwamba muunganisho si salama, na chini yake sentensi iliyosema saa ya kompyuta yangu iko nyuma.

Nikatazama pembeni ya skrini. Tarehe ilikuwa ya Januari 2009.

Mume wangu alicheka hadi nikakaribia kumkatia simu. Kisha akanieleza. Tovuti na huduma za mtandaoni zinazotunza siri zako hujitambulisha kwa cheti cha kidijitali. Cheti hicho kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, kama leseni ya udereva. Kompyuta ikipelekewa cheti hulinganisha tarehe hizo na saa yake yenyewe. Kompyuta inayoamini kwamba ni mwaka 2009 inaona cheti kilichotolewa majuzi kama karatasi ya kughushi, maana tarehe yake ya kuanza haijafika. Inakikataa. Intaneti ipo na waya ni mzima, ila mlinzi wa getini anasoma kalenda ya zamani na hapitishi mtu.

Kwa nini saa ilirudi nyuma? Ndani ya kompyuta ya mezani, kwenye ile bodi kubwa mafundi wanayoiita mazabodi, kuna betri ya duara mfano wa sarafu. Kazi yake ni kuendesha saa umeme unapokuwa haupo. Hukaa miaka kadhaa, halafu huisha kimya kimya. Seva yetu ilikuwa haizimwi, kwa hiyo hatukujua kwamba betri yake imekufa mpaka siku umeme ulipokatika. Na ile huduma ya kompyuta kujirekebishia saa kupitia intaneti, mume wangu mwenyewe alikuwa ameizima zamani na kuisahau. Hapo ikawa zamu yangu kucheka.

Nikaiandika tarehe sahihi kwa mkono. Ndani ya dakika mbili hadithi tano zikaanza kushuka.

Dakika ambazo sitazisahau

Ningeishia hapo, hii ingekuwa habari ya kuchekesha tu. Lakini bila betri mpya, saa ingerudi tena 2009 kila umeme ukikatika. Jumamosi asubuhi nikaenda kwa fundi saa hapa mtaani, nikanunua betri aina ya CR2032 kwa Sh2,000. Niliichomoa seva kwenye umeme, nikafungua kifuniko, nikaitoa betri ya zamani na kupachika mpya. Ya zamani nikaiweka mezani, kama mtu anavyoweka kifuniko cha soda. Nikarudi kwenye skrini kuweka tarehe na kuwasha ile huduma ya saa.

Hiyo ilikuwa kama saa tano na dakika kumi. Ilipofika saa tano na nusu nilinyoosha mkono kuichukua betri ya zamani niitupe. Haikuwepo. Mwanangu alikuwa mkekani, mdomo umefumba, ananitazama.

"Betri iko wapi?"

Akatabasamu. Hakujibu.

Nilipiga magoti nikaangalia chini ya meza, chini ya kochi, chini ya mkeka. Nilimfungua mdomo. Mama yangu akatoka chumbani, naye akainama kutafuta. Wakati wote huo kichwani mwangu zilikuwa zinapita habari ambazo ninazijua kwa kuzisoma na kuziandika.

Betri hiyo ina upana wa milimita 20. Kwa mtoto mdogo, upana huo unatosha kukwama kwenye umio, ile njia ya chakula kati ya koo na tumbo. Ikikwama kwenye nyama yenye unyevu, mkondo wa umeme unapita na kutengeneza kemikali kali inayounguza. Madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili. Na betri "iliyokufa" kwa kompyuta haijafa kwa mwili wa mtoto. Umeme mdogo uliobaki unatosha kuunguza.

Jambo jingine ninalolijua ni kwamba mtoto anaweza kuimeza na asionyeshe chochote mwanzoni. Baadaye anakohoa, anadondosha mate, anakataa chakula au anatapika. Mzazi anadhani ni mafua.

Mama akasema, "Tutafute kidogo zaidi, huenda imeanguka tu." Moyo wangu ulitaka sana kumkubali. Nikatazama saa, ile ile niliyokuwa nimetoka kuirekebisha. Dakika ishirini na tano zilikuwa zimeshapita. Nikambeba mtoto nikatoka kutafuta bajaji.

Hospitalini sikusema "nahisi". Nilisema, "Huenda amemeza betri ya sarafu, milimita 20, saa tano na dakika kumi." Nilikuwa nimebeba pakiti ya ile mpya ili waone aina yake. Hatukukalishwa foleni. Alipigwa picha ya eksirei shingoni, kifuani na tumboni. Nilimshika mikono akilia, nami nikiwa nimevaa lile vazi zito la kukinga mionzi, nikihesabu dakika.

Picha ilikuwa safi. Hakuna kitu.

Nilikaa kwenye benchi nikalia kuliko mtoto. Nilimwomba daktari radhi kwa kumsumbua. Akanijibu, "Mama, afadhali uje bure kuliko kukaa nyumbani ukisubiri dalili."

Tulipofika nyumbani mama yangu alikuwa ameipata. Ilikuwa ndani ya lori la plastiki la mjukuu wake, nyuma kwenye bodi ya mizigo, imefunikwa na soksi. Mtoto alipoulizwa alisema lori limebeba mzigo, linapeleka Dodoma kwa baba.

Wazazi wenzangu

Sikuandika haya ili mwogope kompyuta. Mtandao ukigoma nyumbani, jiulize maswali yale matatu kabla ya kununua chochote: je, simu inapata intaneti kwa Wi-Fi hiyo hiyo? Je, vifaa vya ndani vinaonana? Je, tarehe na saa ya kifaa kilichogoma ni sahihi? La tatu ni la bure kabisa, na kwangu lingeokoa Sh85,000 na wiki nzima ya huzuni ya mtoto.

Lakini usiku wa leo, kabla hujalala, fanya jambo moja zaidi. Zunguka nyumbani ukitafuta betri za sarafu. Angalia rimoti ndogo, saa, kipimajoto, mizani ya jikoni, funguo za gari, kadi za muziki na vichezeo vinavyowaka taa. Kama kifuniko cha betri kinafunguka kwa kidole, kifunge kwa gundi ya karatasi au kiondoe mbele ya mtoto. Betri iliyoisha isikae mezani hata dakika moja. Izungushie gundi ya kufungia nyaya za umeme pande zote mbili, kisha iweke mbali na mikono midogo mpaka uitupe.

Ukishuku mtoto amemeza, usimtapishe, usimpe chakula, na usisubiri uone choo. Mkimbize hospitali yenye eksirei na useme neno "betri" mlangoni. Kama huna uhakika, nenda hivyo hivyo.

Jioni ile saa moja na nusu mwanangu alikaa mkekani. Nilimruhusu hadithi moja tu kati ya zile tano, maana sheria ni sheria. Ilipoisha alisimama, akaenda kuigusa skrini, akasema, "Baba hajakasirika." Kisha akalichukua lori lake, tupu, akaenda nalo kulala.